Gitaa la Mwenyewe, Amplifaya ya Wote

Wanamuziki wa dansi waliotufanya tupende gitaa, wengi wao hawakuwa na gitaa. Watu wa rika langu tunalijua hili, ila hatulisemi sana. NUTA Jazz iliyoanza mwaka 1964 ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na vyombo vilikuwa vya chama. Vijana Jazz walipigia vyombo vya umoja wa vijana, Polisi Jazz vya polisi, Mwenge Jazz vya jeshi. Mlimani Park ilipozaliwa mwaka 1978 ilikuwa chini ya shirika la usafiri na teksi. Shirika lilipojitoa, mwaka 1983 bendi ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, na herufi hizo tatu zikaganda mbele ya jina lake. Hata Remmy Ongala, ambaye mdomo wake haukuogopa mtu, aliimba katika bendi iliyobeba jina la mfanyabiashara mwenye vyombo, kama wasifu wake unavyoeleza. Ndiyo maana mwanamuziki wa Dar es Salaam aliweza kuwa JUWATA, kama NUTA ilivyokuja kuitwa, mwezi huu na mwezi ujao yuko Sikinde, yaani Mlimani Park, wala asibebe hata waya. Mali yake ilikuwa sauti na vidole. Vingine vyote alivikuta jukwaani na aliviacha jukwaani.

Haya yamenirudia kwa sababu ya katiba. Mpwa wangu na wenzake huko Mkotokuyana, wilayani Nachingwea, wanaandika katiba ya kikundi ili waombe mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani unaogawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vingine vinaomba bodaboda, cherehani au vifaranga. Wao wanataka magitaa mawili, besi, amplifaya, mikisa na spika. Wameandika malengo, wamechagua mwenyekiti na mweka hazina, wakafika kwenye kifungu cha mali wakakwama. Wengine wanataka kila kitu kiwe cha kikundi. Wengine wanataka kila mpigaji awe na chombo chake. Akanipigia simu: "Shikamoo mjomba. Wewe ulipiga enzi zenu, hebu tuambie." Kwetu Wamwera ukoo unafuata upande wa mama, na mjomba akiulizwa na mpwa wake hana ruhusa ya kusema hajui. Nikamwambia anipe siku mbili tatu nifikiri.

Nilianza, kama watoto wengi wa kusini, na gitaa la galoni. Galoni la mafuta ndilo tumbo, ubao wa mninga ndio shingo, na nyuzi tulizipata kwenye waya wa breki za baiskeli. Waya ule umesokotwa kwa nyuzi nyembamba nyingi. Unakata ile chembe ya risasi iliyo mwishoni, unaufumua taratibu usije ukakatika, kisha unafunga ncha moja kwenye msumari na kuivuta nyingine mpaka mikunjo iishe. Uzi mmoja peke yake unatoa sauti ya juu. Ukisokota miwili au mitatu pamoja unapata sauti nene. Baiskeli nyingi za kijijini kwetu miaka ile zilisimamishwa kwa kisigino.

Gitaa la kweli la kwanza nililolishika lilikuwa la fundi redio wa Nachingwea mjini, mtaa wa Stesheni. Mtaa ule ulibeba jina la treni ambayo sisi hatukuiona: reli ya kutoka Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1940, ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960 baada ya karanga kushindwa na mzigo kukosekana. Mzee yule alikuja Nachingwea kutafuta kazi wakati wa karanga, kazi ikaisha, yeye akabaki. Alikuwa na gitaa la mbao, la kupigwa bila umeme, na alimwazima kijana yeyote aliyefika dukani kwake, awe mtoto wa nani au wa dini gani.

Ila alikuwa na masharti. Jina lako linaandikwa kwenye daftari lile lile la redio za wateja, pamoja na siku ya kurudisha. Hurudishi mikono mitupu. Unakuja na chochote, iwe pakiti ya betri, karanga au uzi mpya kama umebahatika kuupata. Kabla ya kurudisha unalegeza nyuzi zote, kwa sababu zikikaa zimekazwa kwenye joto la kwetu, shingo inapinda polepole na gitaa haliwezi tena kushika sauti. Na marufuku kubwa kuliko zote: usilifunge waya wa breki. Gitaa lile lilitengenezwa kwa nyuzi za nailoni. Chuma kinavuta kwa nguvu zaidi, na kile kibao cha chini kinachoshika nyuzi kingebanduka na kuondoka na ngozi ya mbao. Nailoni ilipokosekana madukani, na miaka ya 1980 ilikosekana sana, mzee alifunga mshipi wa kuvulia samaki ulioletwa kutoka Lindi. Ulitoa sauti ya kitoto kidogo, lakini ulitoa.

Vijana walimwita mchoyo. Mimi nilimwona ndiye mkarimu pekee niliyemfahamu aliyejua ukarimu unaendeshwaje. Gitaa lake lilipita mikononi mwa watu wengi kuliko gitaa lolote la wilaya ile, na lilikuwa bado zima wakati mengine, yaliyotolewa bure kwa neno la "chukua tu ndugu yangu", yalishakuwa kuni. Daftari lilifanya kazi ambayo upendo hauwezi. Lilikumbuka.

Besi nayo ina kisa chake. Kila kijana anayetaka kupiga gitaa anataka solo. Ridhim anaikubali kwa shingo upande, akisubiri mpiga solo augue. Besi haitaki mtu. Tulipoanza kujikusanya kama bendi, mimi nilikuwa na vidole vinene na sina haraka, basi wenzangu wakaniangalia, na habari ikaishia hapo.

Lakini besi yenyewe hatukuwa nayo. Parokia moja ya jirani ilikuwa nayo, pamoja na amplifaya ndogo, kwa ajili ya kwaya ya vijana. Mimi ni mtoto wa madrasa. Nilikwenda kwa padri nikiwa na kofia mkononi, nikiwa nimejiandaa kukataliwa. Padri aliniuliza maswali mawili tu: tunapiga wapi, na nani analipa kikiharibika. Akatuazima vyote viwili kwa sharti kwamba besi isiingie kilabuni na irudi Jumamosi kabla ya saa tisa, kwaya wafanye mazoezi. Kwa muda mrefu besi ile ilipiga misa Jumapili na harusi za Waislamu katikati ya wiki, na sijasikia mtu aliyelalamika kwa sababu ya dini, si msikitini wala kanisani. Waliolalamika walikuwa wanakwaya, na walikuwa na haki. Amplifaya yao ilikuwa na matundu mawili ya kuchomekea, nasi tulikuwa na magitaa matatu na kipaza sauti kimoja. Tukaunganisha waya mbili kwenye jeki moja. Besi ikigonga, sauti ya mwimbaji inazama. Mwimbaji akiomba aongezewe, kipaza sauti kinapiga mluzi.

Zaidi ya hapo, spika ile ilikuwa ya gitaa. Karatasi yake haikuumbwa kubeba mtikisiko wa besi, na siku moja ikachanika. Tuliiziba kwa gundi ya kubandikia viraka vya tairi na kipande cha karatasi laini, tukaipaka safu mbili, ikaendelea kufanya kazi ikiwa na mkwaruzo kidogo. Tulimwambia padri siku hiyo hiyo. Alitazama kiraka, akaichomeka, akasikiliza, akasema sasa kwaya yake itafanana na bendi. Hakutunyima besi. Ila amplifaya hatukuipata tena, na leo naona aliamua sawasawa. Kuna kitu kinachoweza kuazimwa kwa kupokezana, na kuna kitu ambacho kila anayekiazima anakula sehemu ya uhai wake.

Mpiga solo wetu alikuwa kaka mmoja aliyewahi kufanya kazi Mtwara na kurudi na gitaa la umeme, jekundu, lililochubuka upande wa kiwiko. Kaka huyo hakujua maana ya daftari. Gitaa lilikuwa lake kwa jina tu. Tukiwa na shughuli alilileta. Akiwa shamba, mdogo wake alilileta. Vijana wa Ruangwa waliokuwa na bendi yao walikuja kulichukua kwa baiskeli, wakalirudisha siku waliyojisikia, mara nyingine likiwa na uzi pungufu. Hakusema kitu. Kila mtu alimsifu kwa hilo.

Akafariki, bado kijana. Baada ya arobaini ukoo ukakaa. Wapwa wake walidai mali ya mjomba kwa desturi ya Kimwera. Watoto wake, kupitia baba zao wadogo, walidai kwa sharia. Kwenye orodha kulikuwa na mikorosho, baiskeli, cherehani na gitaa. Mikorosho ilipatiwa mwafaka kwa shida, kwa shehe na wazee kukutana katikati. Gitaa likawashinda, kwani katika pande zote mbili hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua kulipiga, lakini wote walijua ni kitu cha bei. Sisi wa bendi tulikuwa tumekaa pembeni kwenye mkeka, tukiwa wageni. Mmoja wetu alijaribu kusema marehemu aliwahi kutamka kwamba gitaa ni la bendi. Mzee mmoja akamuuliza, kwa upole kabisa: limeandikwa wapi?

Likauzwa ili pesa igawanywe. Tulitaka kulinunua sisi, lakini ile ilikuwa miaka mibaya. Korosho ndiyo pesa ya kwetu, na korosho ilikuwa imeanguka: nchi iliyovuna karibu tani 145,000 msimu wa 1973/74 ilifika chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87, baada ya watu kuhamishwa kwenda vijiji vya ujamaa wakaacha mikorosho yao mbali, bei kuwakatisha tamaa, na ubwiriunga kukausha maua. Salfa ilikuwa imeanza kupulizwa na miti kuitikia, lakini nafuu mifukoni mwetu ilikuwa haijafika. Gitaa likanunuliwa na mtu wa mbali. Mpwa wangu aliponiambia kwenye simu kwamba wao hawahitaji maandishi kwa sababu wanaaminiana, nilimsimulia mkeka ule. Kaka yule tulimwamini kupita kiasi. Imani yetu haikuwa na shida yoyote mpaka siku alipoondoka nayo.

Kilichofuata kilikuwa kinyume chake kabisa. Korosho ilipoanza kurudi miaka ya 1990, tuliapa kutotegemea tena chombo cha mtu. Kila mmoja alitoa sehemu ya pesa ya msimu, wawili wakatumwa Kariakoo, wakarudi na amplifaya na spika mbili zilizowahi kutumika. Hii ilikuwa yetu. Hakuna padri, hakuna marehemu.

Na lazima niseme ukweli wake: amplifaya ile ilitulisha. Gitaa likiwa peke yake halimwingizii mtu senti. Amplifaya inakodishwa hata siku ambayo hakuna anayepiga muziki. Msimu wa unyago, baada ya mavuno, wenye shughuli walituita ili ngoma na nyimbo za akina mama zisikike hadi ng'ambo ya bonde. Mikutano ya hadhara ilituita. Mwenge wa Uhuru ulipopita tuliitwa. Tulichomeka kwenye jenereta ya kukodi, tukapokea chetu, tukagawana.

Tukagawana chote. Hapo ndipo mdudu alipoingilia. Amplifaya haikuwa na mtunzaji. Tulikubaliana ilale kila nyumba kwa zamu, ili asipatikane mtu wa kujifanya mkubwa. Kwenye nyumba moja panya walitafuna waya wa spika. Kwenye nyingine ilikaa chini ya paa linalovuja masika yote. Fyuzi ilipoungua usiku wa shughuli, mmoja wetu alifanya kile ambacho kila mtu alikifanya enzi zile: alitoa karatasi ya fedha kwenye pakiti ya sigara, akaizungushia fyuzi, akairudisha. Taa ikawaka. Watu wakashangilia. Fyuzi kazi yake ni kufa kwa niaba ya wenzake, na ile ya karatasi ilikataa kufa. Jenereta iliporusha umeme mkubwa, transfoma ikaanza kutoa harufu ya rangi inayoungua, na ndipo muziki uliponyamaza. Kuitengeneza kulihitaji pesa ambayo tayari ilikuwa imeliwa. Kila nyumba ikasema haikuwa zamu yake. Nilipoiona mara ya mwisho, ilikuwa imewekewa mtungi wa maji juu yake.

Nimeshasikia wasomi wakisema mali ya wote haina mwenyewe, na wenye biashara hulipenda sana neno hilo. Sikubaliani nao kwa urahisi. Besi ya parokia ilikuwa ya wote na ilidumu, kwa sababu palikuwa na mtu mmoja aliyeshika ufunguo na kuuliza maswali mawili. Gitaa la kaka lilikuwa na mwenyewe na likapotea. Kwa hiyo nilipompigia mpwa wangu, nilimwambia agawe vile vyombo kwa namna vinavyofanya kazi. Gitaa ni chombo cha kifuani. Linazoea mkono wa mtu, linadai mazoezi ya kila siku, na mtu hulegeza nyuzi za gitaa lake kwa sababu ni lake. Hilo liwe la mpigaji, hata kama atalilipa kidogo kidogo kwa kukatwa kwenye mapato. Amplifaya, mikisa na spika viwe vya kikundi, kwa kuwa ndivyo vitakavyokodishwa na ndivyo vitakavyorejesha mkopo. Viwe na mtunzaji mmoja, anayelipwa, mwenye ufunguo na daftari. Na fungu la matengenezo litolewe kabla watu hawajagawana, si baada.

"Na asiyeweza kulipa gitaa, mjomba?"

Aliniweka hapo. Bendi nyingi nzuri zilijengwa na watu wasioweza kulipa gitaa. Kama kila mpigaji wa nchi hii angesubiri hadi awe na lake, tusingekuwa na dansi ya kusimulia. Mashirika yale na umoja ule, pamoja na kubana kwake, viliwapa magitaa vijana waliofika mjini na mfuko mtupu, na vikawalipa mshahara. Nilimwambia kikundi kinunue gitaa moja la ziada, la kuazimwa, kwa masharti ya mzee wa Stesheni. Akasema atawaeleza wenzake. Sijui kama watakubali, kwani gitaa la ziada ni pesa ya spika, na spika inaonekana.

Nafahamu kwa nini nimeegemea upande huu, na sababu yake ni bendi yetu ya mwisho. Baada ya amplifaya kufa, mfanyabiashara mmoja wa ufuta alinunua vyombo kamili, vipya, akatuita tumpigie. Alitulipa vizuri, alitushonea mashati, akaweka jina la duka lake mbele ya ngoma. Tuliona tumefika. Wale tuliokuwa na magitaa ya kuokoteza tuliambiwa tuyaache nyumbani, yanatia aibu. Mbaraka Mwinshehe alipoondoka Morogoro Jazz mwaka 1973 akaunda Super Volcano, alikuwa na jina la kumtangulia. Sisi jina tulilokuwa nalo ni lile la duka.

Msimu mmoja bei ya ufuta ikamgeuka. Asubuhi lori likaja, vikapakiwa vyote, hadi vijiti vya ngoma, kwenda kuuzwa Masasi. Hakumwonea mtu, vilikuwa vyake. Tatizo ni kwamba Jumamosi ile tulikuwa na shughuli ya unyago Mkotokuyana, na mwenye shughuli alishatoa malipo ya awali, nayo yalishatumika. Mpiga ridhim alitoa uvunguni gitaa lake la zamani, akafuta vumbi. Mpiga solo wa wakati ule akatoa lake, lenye nyuzi nne. Tukaazima honi ya kutangazia na betri ya gari, tukafunga kipaza sauti kwenye kiti mbele ya magitaa, na watu wakacheza mpaka alfajiri bila kuulizia lori. Mimi, mpiga besi asiye na besi, nilipewa kayamba.